Je, msajili anaweza kulikataa jina la mwanangu?

Swali la msomaji: "Mimi na mke wangu tunatarajia mtoto wetu wa kwanza. Jina tumelibuni wenyewe. Hatujawahi kusikia mtu mwingine akiitwa hivyo, na mwishoni tumeweka tarakimu 7. Shemeji yangu anacheka, anasema tutarudishwa kutoka dirisha la usajili. Mimi najua jina la mtoto ni hiari ya wazazi wake. Kweli serikali inaweza kuniambia nisimwite mwanangu ninavyotaka? Na kama inaweza, mpaka wake uko wapi?"

Jibu:

Shemeji yako ana sababu ya kucheka, maana tarakimu hiyo itawaponza. Ubunifu wenu hauna shida kubwa. Jina ambalo halijawahi kusikika hupita katika nchi nyingi bila msajili kuinua macho. Namba ndani ya jina ni habari nyingine kabisa: hukwama karibu kila mahali penye kanuni iliyoandikwa, hata kule ambako wazazi wameachiwa uhuru mkubwa.

Mwaka 2007 wazazi fulani wa New Zealand walitaka mtoto wao wa kiume aitwe 4real. Walikuwa wamemwona kwenye kipimo cha ultrasaundi, ndipo ikawaingia akilini kwamba kweli wanapata mtoto, na jina likatoka hapo. Msajili akakataa kwa sababu ya ile 4. Wazazi wakatangaza kwamba watamwandikisha Superman, na nyumbani wataendelea kumwita 4real. Kanuni iliyowazuia haikuuliza kama jina ni la busara au la kitoto, iliuliza tu limeandikwa kwa nini. Ukilishika hilo utaelewa nusu ya sheria za majina duniani.

Namba hazipendwi kwa sababu jina halikai nyumbani tu, linapita pia kwenye mashine. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga wa Kiraia limeweka vipimo vya paspoti ambavyo nchi zote hufuata. Tazama mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wenye picha, ile yenye alama nyingi za mshale: sehemu ya jina ina nafasi 39 basi, na haipokei tarakimu hata moja. Kama kuna nchi inayoruhusu namba katika jina, inatakiwa iziandike kwa mtindo wa Kirumi. Elon Musk na mwanamuziki Grimes walipopata mtoto Mei 2020, walitangaza jina X Æ A-12. Walikuwa California, jimbo ambalo majina yalikuwa yakiandikwa kwa herufi 26 za alfabeti ya Kiingereza tu, na haikuchukua muda 12 ikawa Xii. Pesa zote zile, na bado daftari likashinda. Kwa kanuni hiyohiyo ya herufi 26, wazazi wenye asili ya Amerika ya Kilatini wamekuwa wakinyimwa ile alama ndogo juu ya e katika José. Muswada wa kuwaruhusu ulipita bungeni mwaka 2017, lakini gavana Jerry Brown akaukataa. Mwaka huohuo Urusi ilipiga marufuku tarakimu na alama katika majina, baada ya ugomvi wa miaka mingi na wazazi waliotaka mtoto wao aliyezaliwa tarehe 26 Juni 2002 aandikwe BOCh rVF 260602.

Sasa nije kwenye hoja yako kubwa, kwamba jina ni hiari ya wazazi. Kisheria hujakosea sana, ila umemsahau mtu mmoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 7, unasema mtoto ataandikishwa mara tu azaliwapo na atakuwa na haki ya kupata jina. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unasema hivyohivyo katika kifungu cha 6. Haki imewekwa mikononi mwa mtoto, nanyi mnaichagulia umbo kwa niaba yake. Kuchagua huko nako kunalindwa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, imekwishasema kwamba kumpa mtoto jina ni sehemu ya maisha binafsi na ya familia, na serikali haina ruhusa ya kuingia humo bila sababu ya maana. Ugomvi wote uko kwenye hayo maneno matatu ya mwisho.

Nimeshughulika na mambo ya usajili kwa muda wa kutosha kuona kwamba karibu kila serikali inayokataa jina hujitetea kwa kusema inamlinda mtoto. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine kinacholindwa ni lugha, daftari, dini ya wengi au heshima ya mtawala, na mtoto ametangulizwa tu mbele. Kwa hiyo, mtu akikwambia jina haliwezekani, usianze kubishana kuhusu uzuri wake. Muulize linamdhuru nani.

Nianze na upande ambao jibu ni rahisi. Mwaka 2008, katika mji wa New Plymouth huko New Zealand, wazazi waliokuwa wakigombea malezi walifika mahakama ya familia na binti yao wa miaka tisa. Jina lake kwenye cheti lilikuwa sentensi nzima ya Kiingereza: Talula Does The Hula From Hawaii, yaani Talula anacheza ngoma ya hula ya Hawaii. Mtoto hakuwa amewaambia rafiki zake jina hilo hata siku moja. Alikuwa anataka wamwite kwa herufi moja tu, K, akiogopa wangemcheka wakijua lililobaki. Jaji Rob Murfitt hakuishia kulalamika. Alimweka mtoto chini ya ulezi wa mahakama kwa muda, ili jina libadilishwe kisheria bila kuhitaji ridhaa ya wazazi ambao hawakuwa wakielewana kwa lolote. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa mfano bora katika eneo hili lote, kwa sababu ndogo ambayo watu huipita: jaji hakukisia aibu ya mtoto ambaye bado yuko kwenye nepi. Aibu ilikuwapo tayari, na mtoto mwenyewe alikuwa ameieleza.

Katika uamuzi huohuo jaji alitaja majina mengine yaliyowahi kufika kwa wasajili wa nchi hiyo. Mapacha walionuiwa kuitwa Fish na Chips, yaani Samaki na Chipsi, walikataliwa. Sex Fruit na Yeah Detroit nayo yalizuiwa. Lakini Number 16 Bus Shelter, yaani kituo cha basi namba 16, lilipita, na mtoto mwingine aliandikishwa Violence, Ukatili. Nayataja si kwa ajili ya kuchekesha, ingawa najua utacheka. Nataka uone kwamba hata penye sheria moja na nia njema, wanaoamua ni watu, na watu hawapimi sawasawa. Ndiyo maana muhimu zaidi kuliko orodha ya makatazo ni kujua nani ana neno la mwisho na anafuata utaratibu gani.

Kwa hilo Ufaransa ina mpango ninaoupenda. Kuanzia sheria ya mwaka 1803, enzi za Napoleon, wazazi walitakiwa kuchagua kutoka majina ya kalenda na ya watu mashuhuri wa historia ya kale, na afisa wa usajili alikuwa na kisu mkononi. Sheria ya Januari 1993 ilimnyang'anya kisu hicho. Siku hizi afisa huandika jina analoletewa. Akiona linaweza kumwumiza mtoto, humwarifu mwendesha mashtaka wa serikali, naye akikubaliana hulipeleka mbele ya jaji wa familia. Jaji ndiye anayeweza kulifuta, na wazazi wasipoleta lingine linalofaa, yeye hulichagua. Mwaka 2014 jaji wa Valenciennes alipelekewa mtoto aliyeitwa Nutella, kama ile krimu ya kupaka kwenye mkate. Wazazi hawakutokea mahakamani, na mtoto akatoka akiitwa Ella. Mahakama hiyohiyo ilikataa Fraise, tunda la stroberi, kwa kuwa lingemletea mtoto kejeli. Hao wazazi walifika, wakazungumza, wakakubaliana na Fraisine, jina la zamani lenye sauti karibu ileile. Unaona faida ya kufika.

Kuna kesi ambazo hata mtetezi mkali wa uhuru wa wazazi hunyamaza. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Uingereza na Wales ilimzuia mama aliyekuwa mgonjwa wa akili kumwita binti yake Cyanide, sumu ya sianidi. Aliliona jina zuri, akieleza kwamba ndiyo sumu iliyomwua Hitler. Uingereza haina orodha ya majina yaliyokatazwa, na majaji walijua wanaingia mahali ambapo mahakama huogopa kukanyaga. Waliingia, na sioni wangewezaje kukaa nje.

Lakini mlango huo ukishafunguliwa, ladha ya jaji nayo hupenya. Nchini Italia, wazazi wa Genoa walimwita mwana wao Venerdì, yaani Ijumaa. Mahakama zikasema jina hilo linakumbusha yule mtumishi mtiifu wa riwaya ya Robinson Crusoe, aliyeokotwa kisiwani akaitwa Ijumaa, tena Ijumaa huhesabiwa siku ya mkosi, hivyo mtoto angedhalilika. Wakampa Gregorio, jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa. Mahakama ya juu kabisa ilikubaliana nao mwaka 2008. Hapo mimi siko pamoja na majaji. Hakuna aliyemwona mtoto akidhihakiwa, na hoja ya mkosi ni imani ya mtu iliyovishwa joho. Italia ina kanuni nyingine ambazo angalau unaweza kuzisoma kabla ya kwenda dirishani: agizo la rais namba 396 la mwaka 2000 linakataza kumpa mtoto jina la baba yake aliye hai, au la ndugu yake aliye hai, au jina la kuchekesha. Hebu fikiria ni familia ngapi duniani zingevunja hilo la kwanza.

Iceland ndiyo nchi niliyotaka kukaa nayo kidogo, kwa sababu pale utaona aina mbili za ulinzi zikigongana ndani ya mtoto mmoja. Tangu 1991 wana kamati ya majina yenye watu watatu. Jina ambalo halimo kwenye daftari la majina yaliyokubaliwa hupelekwa kwao, nao hutazama kama linaweza kuchukua viambishi vya sarufi ya Kiaisilandi, kama linaandikwa kwa tahajia ya lugha hiyo, na kama halitamtia mwenyewe aibu. Lugha hiyo inasemwa na watu wachache, na jina la mtu hubadilika mwisho wake kadiri linavyotumika katika sentensi. Jina lisilobadilika linawakwaruza masikioni. Sababu hiyo naielewa.

Basi mwaka 1997 akazaliwa msichana, na padri akambatiza Blær, jina lenye maana ya upepo mwanana. Baadaye ikagundulika kwamba daftari linalitambua jina hilo kwa wavulana tu. Kamati ikakataa, mama akakataa kubadili, na msichana akaishi miaka kumi na mitano huku nyaraka za serikali zikimwandika Stúlka, ambayo ni "msichana" tu. Sheria iliyosema inamkinga mtoto na aibu ilimwacha bila jina mbele ya kila karani. Mwaka 2013 mahakama ya wilaya ya Reykjavík ikamrudishia Blær wake. Miaka sita baadaye, sheria mpya kuhusu uhuru wa jinsia iliondoa kabisa ugawaji wa majina ya kike na ya kiume. Sarufi ilibaki, na kamati nayo ilibaki. Ujerumani ilikuwa imekwishapita njia hiyo mwaka 2008, Mahakama ya Katiba iliposema kwamba msichana anaweza kuitwa Kiran peke yake, ingawa jina hilo halionyeshi kama mwenyewe ni wa kike au wa kiume.

Nchi za orodha nitazipita haraka, maana zinafanana. Denmark ina orodha za majina yanayoruhusiwa, na la nje ya hapo linaombewa kibali. Ureno huchapisha orodha ambayo mzazi anaweza kuikagua mapema, na jina zima halivuki maneno sita, mawili ya kwanza na manne ya ukoo. Hungaria hushauriana na wataalamu wa isimu na huruhusu majina mawili. Ubaya wa orodha ni kwamba humlazimisha mtu ajieleze kwa jambo ambalo halina mwathirika. Uzuri wake, na lazima niukiri, ni kwamba hakuna anayeshtukizwa.

Swali la kama orodha au desturi inatosha kuwa "sababu ya maana" limefika Strasbourg zaidi ya mara moja, na majibu yalitofautiana. Mwaka 1996 wazazi wa Kifaransa walishindwa. Walitaka binti yao aandikwe Fleur de Marie, wakaruhusiwa Fleur-Marie tu. Mahakama ikaona usumbufu huo si mkubwa kiasi cha kuvunja haki zao, kwa kuwa mtoto aliendelea kuitwa nyumbani walivyotaka. Mwaka 2007 wazazi wa Finland wakashinda. Jina lao lilikuwa Axl, lililokataliwa kwa sababu tahajia yake haifuati mazoea ya Kifini. Ikabainika kwamba ndani ya daftari hilohilo la Finland tayari walikuwapo watu wengine wenye jina Axl. Mahakama ikasema jina hilo si la kuchekesha, halimdhuru mtoto, na nchi haijaanguka kwa kuwa nalo. Ukiwa na jina la ajabu na ukakataliwa, kesi hii ya pili ndiyo ya kuikumbuka: mtu mmoja tu aliyekubaliwa kabla yako ana uzito kuliko hotuba ndefu ya wakili.

Kuna sura nyeusi ambayo wanaotetea sheria za majina hawapendi kuifungua. Agosti 1938 serikali ya Wanazi ilitoa amri kwamba Wayahudi ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha yake waongeze jina la pili, Israel kwa wanaume na Sara kwa wanawake, kuanzia Januari 1939. Jina lilifanywa alama ya kumtambulisha mtu wa kuwindwa. Hispania ya Franco ilifunga majina ya Kikatalani, ya Kibaski na ya Kigalisia nje ya daftari, na wazazi walisubiri mpaka 1977. Bulgaria, majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985, iliwalazimisha raia wake wenye asili ya Kituruki wachukue majina ya Kislavoni, watu wazima kwa watoto. Hata wafu waliguswa katika kumbukumbu.

Na kwetu Afrika kuna Zaire. Mwaka 1972 Mobutu, aliyezaliwa Joseph-Désiré, aliagiza watu waache majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu, yeye mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko, na mapadri wakatishiwa kifungo wakibatiza kwa majina ya Ulaya. Hoja ilikuwa na ukweli ndani yake: ukoloni uliwavika watu majina yasiyo yao. Lakini ukimwondolea mtu kwa amri jina alilovikwa kwa amri, umebadilisha anayeamuru tu. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 bado ilisema, katika kifungu cha 58, kwamba majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa nchi. Kanuni ya namna hiyo nchini Morocco ilizaa tatizo la kinyume. Sheria ilitaka jina liwe na "sifa ya Kimoroko", na wasajili wengi wakaisoma kuwa Kiarabu. Wazazi wa Kiamazigh, ambao wazee wao walikuwapo kabla ya Waarabu kufika, wakarudishwa dirishani na majina ya mababu zao. Ilibidi wizara ya mambo ya ndani itoe waraka mwaka 2010 kusema kwamba majina ya Kiamazigh nayo ni ya Kimoroko. Na huko Xinjiang, China, taarifa za mwaka 2017 zilionyesha kwamba majina kadhaa ya Kiislamu yamezuiwa kwa watoto wa Wauighuri. Ukiuliza swali langu, linamdhuru nani, katika mifano hii yote huoni mtoto hata mmoja.

Vyeo ni kundi la katikati. New Zealand hukataa King (Mfalme), Prince (Mwanamfalme), Justice (Jaji) na yanayofanana, kwa hoja kwamba jina lisimfanye mtu aonekane ana cheo ambacho hajapewa. Mimi naona hoja hiyo inatosha kwa "Jaji" lakini ni nyepesi kwa "Prince", na nchi nyingine nyingi zimejaa akina Prince bila kiti cha enzi cha mtu yeyote kutikisika. Marekani ilionyesha jambo hili likienda kombo. Mwaka 2013, katika jimbo la Tennessee, wazazi walifika mahakamani wakibishania jina la ukoo la mtoto wao. Hakimu, bila kuombwa, akafuta jina la kwanza, Messiah, yaani Masihi, akaweka Martin, akisema cheo hicho kimestahiliwa na mmoja tu, Yesu Kristo. Mwezi uliofuata uamuzi huo ulitenguliwa kwa kuwa ulikiuka katiba, na hakimu mwenyewe baadaye akaondolewa kazini. Nchi ambayo huwaachia wazazi karibu kila kitu ilijikuta ikihukumu jina kwa imani ya mtu mmoja.

Turudi kwenu. Kwanza, ile 7 iandikeni kwa herufi, Saba. Hakuna kanuni yoyote niliyoitaja hapa inayozuia namba iliyoandikwa kama neno, labda zile za orodha. Nyumbani andikeni mnavyotaka, kwenye keki, kwenye ukuta wa chumba, popote.

Pili, jina la kubuni lijaribuni kabla mtoto hajafika. Litamkeni mbele ya mtu asiyelijua, kisha mwambieni aliandike. Kama watu watatu wataliandika kwa namna tatu, mwanenu atatumia maisha yake kusahihisha makarani, na cheti cha kuzaliwa kitagombana na cheti cha shule. Japani yenyewe, ambako herufi ileile inaweza kusomwa kwa namna kadhaa, na ambayo kwa muda mrefu ilidhibiti herufi za majina lakini si namna yanavyosomwa, ilibadili sheria kuanzia Mei 2025. Sasa matamshi nayo huandikwa kwenye daftari la familia, na yasiyoeleweka kwa herufi zilizotumika yanaweza kukataliwa. Walimu na wauguzi walikuwa wamechoka kubahatisha.

Tatu, kusanya ushahidi. Jina linalofanana na lenu likiwa limetumika mahali, hata nchi ya mbali, beba uthibitisho. Ujerumani wazazi huenda hadi kupata maoni ya wataalamu wa majina wa Chuo Kikuu cha Leipzig, na msajili huyapa uzito. Msihesabu ubunifu kwa wingi pia: mahakama za nchi hiyo zilimkatalia mama aliyetaka kumpa mwanawe majina kumi na mawili, wakamwachia matano, na mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ikaona ni sawa.

Mkikataliwa, msigombane na karani. Ombeni sababu kwa maandishi, zikitaja kifungu. Mara nyingi katazo lisilo na kifungu hufa hapohapo, kwa sababu lilikuwa maoni ya mtu aliyekaa dirishani siku hiyo. Lenye kifungu lina njia ya rufaa, na njia hiyo huwa na siku zake.

Msifanye kama wale wazazi wa Sweden. Walipinga sheria ya majina kwa kukaa bila kumwandikisha mtoto wao jina hadi akavuka miaka mitano, wakatozwa faini ya kronor 5,000. Mwaka 1996 wakaleta jina la herufi na namba 43, Brfxxccxxmnpcccclllmmnprxvclmnckssqlbb11116, wakidai linasomwa Albin. Likakataliwa. Wakaleta A, likisomwa pia Albin. Nalo likakataliwa. Kama mzaha ni mzuri, lakini muda wote huo kulikuwa na mtoto. Usajili una muda wake popote: Ufaransa siku tano, Uingereza na Wales siku 42, Iceland miezi sita kwa jina. Kwa hiyo wekeni tayari jina la pili ambalo nyote wawili mnalikubali, aandikishwe nalo, na lile la kwanza mlipiganie kwa utaratibu wa kubadili jina. Brazil kwa mfano, tangu 2022, huwapa wazazi siku 15 baada ya usajili kupinga jina lililoandikwa, na mtu mzima anaweza kwenda mwenyewe kwa msajili akabadili jina lake la kwanza mara moja bila kwenda mahakamani na bila kueleza kwa nini.

Siku hiyohiyo mtakayokwenda dirishani, ulizeni pia kubadili jina la mtoto kwenu kunachukua muda gani na kunagharimu nini, na kama mtataka kulibadili, fanyeni hivyo kabla hajaanza shule.